UZI: Kuandaa nyumba na uwanja kabla ya mvua za Dodoma. Tuanzie kwenye bati au kwenye mtaro?

Mchimba Mtaro (#1)

Wakuu, Oktoba ndiyo inakatika hiyo. Mvua za msimu hapa kwetu hushuka kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600 tu. Mtu wa Bukoba akisikia hivyo atacheka. Ila kinachobomoa nyumba Dodoma si wingi wa mvua. Inakuja kwa mkupuo, na upepo juu, inatua kwenye ardhi iliyokaa zaidi ya nusu mwaka bila tone. Ardhi imeshafanya ganda, maji hayazami, yanakimbia.

Wengi wakisikia radi ya kwanza wanamwita fundi wa gata. Mimi nasema gata ni la mwisho. Piga hesabu: paa la mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 40, na hapa inaweza kuisha ndani ya saa moja, ni lita 4,800. Bila gata maji hayo yanadondoka pembeni mwa paa lote. Ukifunga gata umeyakusanya yatokee kwenye bomba mbili, kwenye kona mbili za msingi. Kama hujayaandalia njia chini, umechimba korongo kwa hela yako mwenyewe.

Kwa hiyo anza na mahali maji yatakapotokea: barabarani, kwenye kalavati, au kwenye mashimo ya miti. Si kwa jirani. Kisha rudi nyuma hadi ukutani.

Mteremko usiupime kwa macho, macho yanadanganya sana kwenye uwanja mkubwa. Chukua mpira wa nusu inchi unaoonyesha ndani, mita 12 hivi. Ujaze maji polepole mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja likinasa katikati, levo yote ni uongo. Mmoja anashika ncha moja kwenye fito iliyosimama karibu na ukuta, mwenzake anasogea mita 10 na fito yake. Maji yakitulia kila mmoja anaweka alama ya penseli, kisha mnapima kutoka alama hadi chini. Ukutani sentimita 100, kule 110, basi ardhi imeshuka sentimita 10 kwa mita 10. Kwa mtaro wa udongo hiyo ndiyo kiwango cha juu kwenye kichanga chekundu. Kati ya 5 na 10 ni salama. Ikizidi, maji yanapata kasi yanaanza kula sakafu ya mtaro.

Upande wa juu wa kiwanja chimba mtaro wa kukinga maji yanayotoka kwa wengine. Upana sentimita 40, kina 30, kingo zilale kidogo zisisimame wima, na ukae angalau mita 3 kutoka kwenye msingi. Udongo unaotoka utupe upande wa chini, ule wa nyumba, uushindilie uwe tuta. Hiyo ni fanya chini. Fanya juu ni ya shambani, ukiifanya hapa tuta linazuia maji yasiingie mtaroni na unabaki na kazi bure.

fundi_kenchi (#2)

Mkuu #1 umesema vizuri, lakini ni kwa upande wa gata tu. Paa lenyewe haliwezi kusubiri mtaro. Likivuja mvua ya kwanza, jipsamu inashuka na taa zake.

Misumari ya bati inalegea kila kiangazi, na sababu ni mbili. Papi (mbao zinazopigiliwa bati) zinakauka na kusinyaa, halafu bati linacheza. Bati la mita 3 likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya usiku na mchana linarefuka karibu milimita moja na nusu, kila siku, miezi yote. Tundu linapanuka, raba inapasuka kwa jua.

Namna ya kukagua: ingia darini saa 3 asubuhi kabla halijawa tanuri, zima taa, kaa dakika mbili macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Ukiwa humohumo weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu, maana ukipanda juu huoni kitu. Upande wa juu panda na viatu vya raba na ukanyage kwenye mstari wa misumari tu, hapo chini kuna mbao. Ukikanyaga katikati umelikunja bati, na hapo patashika maji.

Msumari uliolegea usiugonge urudi. Tundu limeshakuwa kubwa, utashika wiki mbili. Ung'oe ukiwa umeweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usibonyeze bati, weka skrubu ya inchi 2 na nusu iliyo nene kuliko msumari, juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde. Kaza mpaka raba ianze kuvimba pembeni kidogo, basi. Ukiikaza mpaka itoke nje umeiua.

Makosa mawili ninayoomba yaachwe. La kwanza ni kupaka saruji kwenye vichwa vya misumari: saruji inakula zinki, na bati likicheza inapasuka, chini yake maji yanakaa. La pili ni silikoni ile inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, inachoma bati la zinki. Omba isiyo na asidi, au utepe wa lami: sugua pale kwa brashi ya waya, futa kwa thina, acha pakauke, bandika, sugua kwa kijiko utoe hewa yote.

Kofia (bati zinazofunika mgongo wa paa) zilaliane sentimita 15. Mwisho wa paa na kwenye kofia piga skrubu kila mgongo, kwingine unaweza kuruka mmoja. Upepo huanza kufunua pembeni, hauanzi katikati. Na angalia kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimefungwaje kwenye mkanda wa zege ulio juu ya kuta. Kama ni waya wa kufungia nondo tu, ongeza chuma bapa kilichopigiwa bolti kwenye zege na kwenye kenchi. Nyumba nyingi zinazoezuliwa huku, bati halijang'oka kwenye mbao. Limeondoka pamoja na mbao zake.

Mama Kisasa (#3)

Asanteni kaka zangu. Sisi wenye nyumba za paa la kuficha tunafanyaje? Bati halionekani, mbele kuna ukuta, na maji yanaingia kwenye mfereji wa zege ndani ya ukuta.

Lami Moto (#4)

Dada, nyumba hizo ndizo zinazotesa kuliko zote hapa mjini. Ilazo, Kisasa, Mtumba zimejaa. Muundo wake hauna huruma: paa la kawaida likiziba maji yanamwagika nje, paa la kuficha likiziba maji yanarudi sebuleni.

Tatizo la kwanza ni tundu moja la kutolea. Jani la mwarobaini ni dogo, likikutana na vumbi letu linafanya ugali mdomoni mwa bomba. Kila mfereji uwe na matundu mawili ya inchi 4, na kila tundu liwe na kikapu cha waya kilichosimama kama kikombe kilichopinduliwa, urefu sentimita 15. Wavu uliolala bapa unazibwa na majani matatu.

La pili, na hili ndilo mafundi wengi hawaweki: tundu la dharura. Toboa ukuta wa mbele, pitisha bomba la inchi 2, tumbo lake likae sentimita 5 juu ya sakafu ya mfereji na lichomoze nje sentimita 10 maji yasitambae ukutani. Bomba hilo likianza kutema maji unajua chini kumeziba, na unajua kabla dari halijajua.

Jaribio lifanye sasa kukiwa kukavu. Ziba matundu ya chini kwa matambara yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jaza maji kina cha sentimita 4 ili yasifike tundu la dharura, weka alama, acha saa 24. Weka na beseni la maji pembeni, kwa sababu jua na upepo wa Dodoma vinakunywa. Kama mfereji umeshuka zaidi ya beseni, panavuja.

Membreni (shuka la kuzuia maji) ya lami ya kuchoma kwa gesi ipande ukutani sentimita 15 na kichwa chake kifichwe ndani ya mkato wa lipu. Ikiishia kwenye kona, ndipo itakapobanduka. Vimbe ukiziona, chana alama ya msalaba, kausha, choma tena, funika kwa kipande kinachozidi sentimita 10 kila upande. Kuchoma lami juu ya maji ni kazi bure.

Kisima cha Bati (#5)

Hakuna aliyegusa tanki, na Dodoma bila tanki hujaishi. Paa hilo la mita za mraba 120 kwa mvua ya milimita 570, ukitoa hasara ya moja ya tano, linakupa kama lita 54,700 kwa mwaka.

Gata: kila mita 1 lishuke nusu sentimita kuelekea bomba, vishikizo kila sentimita 60. Bati liingie ndani ya gata sentimita 4 hadi 5. Likizidi hapo, mvua kubwa ikija maji yanaruka juu ya gata yanatua nje, na utamlaumu aliyekuuzia gata.

Maji ya kwanza yasiingie kwenye tanki. Vumbi la miezi yote, kinyesi cha njiwa, mijusi iliyokufa, vyote viko juu kule. Kiasi cha kutupa ni nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 60 kwa paa hilo. Wengine wanasimamisha bomba la inchi 4 lenye mfuniko chini wakidhani wamemaliza. Mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 hadi 9 tu. Ungehitaji mita 7. Weka pipa la lita 60 kabla ya tanki, likijaa ndipo maji yavuke, na chini uache tundu dogo linalotona ili lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Mvua mbili za mwanzo wa msimu mimi ningezipeleka zote kwenye miti.

Sasa hapa ndipo namuunga mkono #1. Bomba la kumwagia ziada liwe na ukubwa uleule wa bomba la kuingilia. Ukiingiza kwa inchi 4 na kutoa kwa inchi 2, maji yanatokea kwenye mfuniko, yanashuka kwenye kitako cha tanki, yanachimbua. Simtanki la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Kitako kikishuka upande mmoja, linalala.

Kuosha: sugua, mwaga, jaza maji. Kwa kila lita 1,000 weka gramu 70 za unga wa klorini wa asilimia 70, ukoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki, unga ndani ya maji na si maji juu ya unga. Au tumia lita 1.4 za dawa ya kufulia ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Fungua bomba zote mpaka harufu ifike, funga, acha kutwa kucha, kisha mwaga yote mbali na bustani. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, hewa inayotoka inaua. Mdomo wa bomba la ziada uvishe wavu wa mbu; kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10 tu.

Mbuga Nyeusi (#6)

Kwa walioko Nkuhungu na mabondeni kwingine kwenye udongo mweusi, kuna jambo moja kinyume na desturi: nyufa msizibe sasa kwa saruji.

Udongo wa mbuga unasinyaa kiangazi na kuvimba masika. Ufa unaouona Oktoba uko wazi kuliko wakati wowote. Ukiujaza saruji, mvua ikija udongo unavimba, ukuta unataka kurudi mahali pake unakuta kabari. Unapasuka pengine, mara nyingi kuanzia kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari. Jaza kwa kitu kinachonyumbulika, kama akriliki ya mafundi rangi, kwa nyufa zisizozidi milimita 3. Zaidi ya hapo piga mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe na upana, upime tena Februari. Ufa unaofunguka na kufunga ni wa udongo. Unaofunguka tu bila kurudi, huo ni wa msingi, mwite mtu wa majengo.

Dawa halisi ni kuufanya udongo wa chini ya msingi usibadilike ghafla. Zungushia nyumba kibaraza cha zege chenye upana wa sentimita 80 hadi 100, kikishuka sentimita 3 kutoka ukutani hadi ukingoni. Usikiunganishe na ukuta. Acha nafasi ya sentimita 1, ijaze lami, na ukate viungo kila mita 2. Na bustani iliyobanwa na dirisha unayoimwagilia kila jioni, ihamishe. Unaulowesha msingi upande mmoja.

Chibaigwa (#7)

Na wenye tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo? Wazee wengi huku Bahi na Chamwino bado wanazo, na kila mwaka wanaongeza udongo juu.

fundi_kenchi (#8)

Kuongeza ndiko kunakoziangusha, mkuu. Udongo wa sentimita 5 tu juu ya mita 1 ya mraba ni kama kilo 90, na ukinywa maji unazidi. Misimu mitano bila kukwangua, boriti zinabeba mzigo wa nyumba nyingine. Na mchwa ameshakula upande wa ndani.

Kwanza gonga kila nguzo na boriti kwa kitako cha panga. Inayolia kama ngoma ni tupu, iwekewe nguzo ya pembeni kabla mtu hajapanda. Kisha kwangua mpaka ufikie udongo mgumu wa zamani, tandaza udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, usizidi ulioutoa. Uinamishe paa kidogo kuelekea mbele, na zile pua za kutolea maji zichomoze nusu mita. Ukuta wa tembe unakufa kutokea chini: matone yanarukia sentimita 60 za mwanzo. Panga mawe hapo.

Mchimba Mtaro (#9)

Niongeze la karo (tangi la maji taka la chini ya ardhi), maana linasahaulika hadi linukie wageni. Maji ya paa yasiingizwe kwenye chemba za choo, hata kama bomba liko karibu. Lita elfu kadhaa kwa mkupuo zinakoroga tope lote la karo na kulisukuma kwenye shimo la kunywea, lile linalozamisha maji ardhini, shimo linaziba na halizibuki. Mifuniko ya chemba ikae sentimita 10 juu ya ardhi.

Kupima kama limejaa: funga kitambaa cheupe kwenye fito, ishushe hadi chini, toa polepole. Tope na utando wa juu vikifika theluthi ya kina, ita gari la maji taka sasa. Usingoje Februari. Ardhi ikiwa imejaa maji, karo tupu, hasa la plastiki, linaweza kusukumwa juu na maji ya chini. Choo cha shimo, zungushia tuta la sentimita 20.

Miti: tawi la mwarobaini au mjohoro lililo ndani ya mita 2 kutoka kwenye bati likatwe. Kata kwanza kwa chini theluthi moja, ndipo kwa juu, mbele kidogo, kisha kisiki. Ukianza juu linachana na gome la shina.

Umeme nitasema moja tu: fimbo ya athi (chuma cha kupeleka umeme ardhini) kwenye udongo mkavu wa Dodoma haifanyi kazi vizuri, na ngurumo za mwanzo zinakuja kabla ardhi haijalowa. Fundi umeme apime na akaze klempu. Radi ikianza, chomoa friji na televisheni, pamoja na waya wa king'amuzi.

Mama Kisasa (#10)

Uwanja wetu una mteremko mkali, mtaro utakatika tu. Na kile kibaraza cha #6 kinakula saruji kiasi gani?

Mchimba Mtaro (#11)

Kwa mteremko mkali weka vizuizi vya mawe ndani ya mtaro. Kanuni: kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa wa kichwa cha kile cha chini. Kama ardhi inashuka sentimita 5 kwa mita na vizuizi vina urefu wa sentimita 30, basi ni kila mita 6. Katikati pawe chini kwa sentimita 10 kuliko pembeni, ili maji yapite hapo. Ukivinyoosha sawa maji yatazunguka kando na kuchimba kingo. Chini ya kila kizuizi tandika mawe bapa, maji yanapoangukia ndipo shimo linapoanzia. Mwisho wa mtaro chimba nusu mwezi (mashimo ya umbo la mwezi mwandamo) mbili tatu za kipenyo cha mita 2, mdomo ukitazama juu, na upande mti ndani mvua ikishalowesha sentimita 30.

Mbuga Nyeusi (#12)

Kibaraza cha urefu wa mita 10, upana sentimita 80, unene sentimita 7 na nusu ni mita za ujazo 0.6. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 ni mifuko 3 ya kilo 50. Shindilia moramu sentimita 10 chini yake kwanza. Mwaga jioni, si saa 6 mchana, na ufunike kwa magunia yaliyolowa siku 7. Upepo wa Oktoba unanyonya maji ya zege kabla saruji haijashika, uso unabaki unga, unaukwangua kwa ukucha.

Mama Kisasa (#13)

Magunia ya katani au haya ya plastiki?

Mbuga Nyeusi (#14)

Ya katani. Ya plastiki hayashiki maji. Kama huna, tandaza mchanga sentimita 3 juu ya zege likishashika, umwagie asubuhi na jioni.